Jinsi ya kuhamishia kwenye televisheni vitabu vya watoto vinavyochekesha kwa misiba

Kuna vitabu vya watoto ambamo yatima wanawindwa na jamaa mwenye tamaa, walezi wanakufa mmoja baada ya mwingine, na msomaji anacheka huku moyo unamdunda. Kuvisoma ni raha, kuvipiga picha ni shughuli. Kitabuni kicheko hakimo ndani ya tukio lenyewe. Kimo katika namna msimulizi anavyolisema: kwa adabu, kwa utulivu, kama mtu anayesoma ratiba ya mkutano. Kamera haina adabu hiyo. Inaonyesha mtu kaanguka, basi, na wewe unabaki na maiti. Kazi ni kuutafuta ule mwanya kati ya kinachotokea na kinavyosemwa, kisha kuujenga upya kwa picha na sauti.

Kabla ya kushika kalamu

Haki kwanza. Mkataba wa kushikilia haki, unaokuzuilia nafasi ya kukigeuza kitabu kuwa tamthilia kabla hujanunua haki zenyewe, mara nyingi hudumu miezi 12 hadi 18, ukiwa na kifungu cha kuongeza muda. Utaje mfululizo mzima, hata vitabu ambavyo havijatoka, la sivyo utakuwa na msimu wa kwanza usio na wa pili. Michoro ni suala la peke yake. Mchoraji huwa na haki zake mbali na za mtunzi, kwa hiyo kama sura ya mwovu unayoitaka imetoka kwenye mchoro, zungumza naye pia.

Kisha soma mfululizo wote mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili na kalamu tatu: nyekundu kwa kinachotokea, bluu kwa maneno ya msimulizi kuhusu kinachotokea, kijani kwa jambo ambalo mtoto analijua na mtu mzima anakataa kulisadiki. Kurasa zilizojaa bluu tupu ndizo zitakazokutesa, na ni vizuri uzijue mapema. Mara ya tatu anza na kitabu cha mwisho urudi nyuma, ukitafuta siri unayoweza kuipanda mwanzoni.

Kitabu kimoja, vipindi vingapi?

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha. Kitabu cha maneno 30,000 hadi 40,000 kinatosha vizuri vipindi viwili vya dakika 45. Ukikibana katika kimoja, kinachokatwa kwanza ni utani, kwa sababu utani hausukumi kisa. Ukikivuta hadi vitatu, mwovu anaonekana mara nyingi mno na hatishi tena.

Mfano ulio wazi ni *A Series of Unfortunate Events*, mfululizo wa vitabu vya Lemony Snicket kuhusu yatima watatu. Filamu ya 2004 ilikusanya vitabu vitatu vya kwanza kwa mkupuo. Tamthilia ya Netflix, iliyoanza 2017 na kumalizika 2019, ilivigawa vitabu 13 katika vipindi 25: viwili kwa kila kitabu, isipokuwa cha mwisho kilichopewa kimoja. Mgawanyo huo una faida nyingine ya kikazi, kwamba vipindi viwili vya kitabu kimoja vinaweza kupigwa pamoja chini ya mwongozaji mmoja, na seti ikavunjwa mara moja tu.

Kipindi cha kwanza kati ya viwili kikatie mahali uongo unaposhinda, usikimbilie hatari ya mwili. Mtoto ananing'inia kwenye mwamba? Mtazamaji anajua hatakufa. Lakini afisa mpole anayetia saini karatasi ya kuwakabidhi watoto kwa mtu yuleyule waliyemkimbia, huku akiwapongeza, anamfanya mtazamaji apige kelele sebuleni.

Tatizo la kurudiarudia ni kubwa kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Vitabu vya aina hii vina mtindo: nyumba mpya, mlezi mpya, mwovu kajibadilisha, wakubwa hawaoni. Msomaji aliyengoja kitabu kipya kwa miezi anaufurahia mtindo huo. Mtazamaji anayemaliza vitabu viwili kwa usiku mmoja anauchoka. Kuanzia kitabu cha tatu, ruka utangulizi na uingie watoto wakiwa tayari ndani ya nyumba. Mtazamaji amtambue mwovu kabla ya watoto, ili swali liwe “watagundua lini?” badala ya “ni nani huyu?” Na ile siri uliyoiona ukisoma kinyumenyume ianze kuchungulia tangu msimu wa kwanza.

Msimulizi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Kosa la kawaida ni kuchukua sentensi nzuri za kitabu na kuzisoma juu ya picha inayoonyesha kitu hichohicho. Tuseme kitabu kinasema: “Bwana Kizito alikuwa mwangalifu kupindukia, ndiyo maana kifo chake kilimshangaza yeye kuliko mtu mwingine yeyote.” Ukimwonyesha Kizito akitumbukia kisimani huku sauti inasoma maneno hayo, utani umekwisha, kwa kuwa jicho limefika kabla ya sikio.

Jaribu hivi. Asubuhi Kizito anabandika vibandiko vya HATARI kwenye ngazi, kwenye birika, kwenye paka. Watoto wanamfuata wakiwa wamebeba kopo la gundi. Kata. Jioni, kisima. Ukingoni kuna kibandiko kimoja kilichokaa upande, na kiatu kimoja. Msimulizi anaingia ndani ya picha, anakigusa kibandiko kwa kidole, anakitazama kidole chake. “Gundi ilikuwa bado mbichi.” Kata tena, nyuso za watoto, sekunde tatu, kimya.

Hakuna hata neno moja la kitabu lililobaki, na utani ni uleule.

Msimulizi mwenye mwili, anayetembea mahali pa tukio bila wahusika kumwona, hubeba uzito kuliko sauti tupu, maana naye ana uso wa kuonyesha majonzi. Mpe kikomo: dakika nne katika kipindi cha dakika 45. Kama kitabu kina tabia ya kufafanua maneno magumu, bakiza mafafanuzi mawili au matatu kwa kipindi, na picha ikanushe kila moja. Halafu fanya jaribio hili: futa maneno yake yote na usome skripti upya. Kisa kikieleweka, yuko sawa. Kisipoeleweka, unamtumia kama kiraka.

Nani anajua kwamba ni vichekesho

Watoto hawajui. Hii ni sheria isiyovunjwa. Wanacheza kama wako kwenye tamthilia ya huzuni, bila kukonyeza kamera. Wakubwa nao hawachekeshi kwa makusudi. Wanachekesha kwa sababu wana uhakika. Mwovu pekee ndiye anayeruhusiwa madoido, ila kila kipindi kiwe na mahali pamoja ambapo anaacha utani ghafla na kusema kwa sauti ya kawaida atakachowafanya. Bila hapo anakuwa mchekeshaji, na watoto wanaonekana waoga bure.

Vifo vitokee nje ya fremu, matokeo yaonekane kwa vitu: kiatu, kofia, kikombe ambacho bado kina moshi. Epuka njia ambazo mtoto anaweza kuziiga nyumbani, kama kamba shingoni, mfuko wa plastiki, dawa za kabatini au moto. Mashine ya ajabu yenye magurudumu 12 inatisha vilevile, na hakuna aliye nayo jikoni.

Watoto wanakua

Kisa kinachukua miezi michache, upigaji picha unachukua miaka. Piga misimu miwili mfululizo ukiweza, na kama kuna mtoto mchanga, tafuta pacha wawili. Saa za kazi zina mipaka ya kisheria mahali pengi. California, kwa mfano, mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili anaruhusiwa kufanya kazi saa mbili tu ndani ya saa nne za kuwepo, na wa miaka tisa hadi 15 saa tano ndani ya tisa siku za shule. Panga siku kwa saa hizo: uso wa mtoto asubuhi, migongo na wakubwa mchana.

Chumba cha uhariri

Muziki wa kuchekesha chini ya msiba ni sumu. Weka muziki wa huzuni halisi, au usiweke kitu. Baada ya sentensi ya utani ongeza fremu 12, yaani nusu sekunde kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, kabla ya kukata. Mara nyingi kicheko kimo ndani ya hizo 12.

Mwishowe onyesha kipindi kwa watoto kumi hivi wa miaka minane hadi 12, wazazi wakiwa nje ya chumba. Usitazame skrini, tazama nyuso, na uandike dakika na sekunde. Anayefunika macho na kuchungulia kati ya vidole anafurahia. Anayegeuka kutafuta mlango umemzidishia. Rudi kwenye dakika hiyo, na kabla hujakata picha jaribu kwanza kupunguza sauti.