Jinsi ya kuona maji yanavyoshikilia protini, kwa maziwa na ndimu tu

Wadau, kuna protini hazijikunji zikawa na umbo moja, zinabaki legelege kama uzi, na kazeini ya maziwa ni mojawapo. Chukua maziwa freshi (yasiwe yameshinda nje, kwa joto la Dar bakteria wanakuwa washatengeneza asidi yao), pasha yawe vuguvugu, gawa glasi mbili, moja kamulia ndimu kidogo kidogo huku unakoroga. Yataganda mabonge. Hapa ndo patamu sasa: kazeini ina mikia yenye chaji hasi, molekuli za maji zinaing'ang'ania na mikia hiyo inazuia protini zisigandane, ukiongeza asidi chaji inapungua, maziwa yakikaribia pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) mikia inanywea na protini zinashikana zenyewe. Glasi nyingine iache ulinganishe.