Kupanda Materuni ukitokea Moshi na kurudi siku hiyohiyo

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ninachopenda kupeleka watu Materuni, kijiji chenye maporomoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Masika yameshapita, njia zimeanza kukauka, na maporomoko bado yana maji mengi.

1. Jioni ya kabla, kagua viatu. Soli iwe na meno. Raba iliyolika iache nyumbani. Beba sweta hata kama mjini kuna joto, koti la mvua, lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, na pesa taslimu.

2. Toka Moshi saa moja asubuhi. Daladala husubiri ijae, hivyo usipange muda kwa dakika. Ukifika kijijini, lipia kiingilio na umchukue kijana wa pale akuongoze.

3. Njia inapita katikati ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga: migomba, kahawa chini ya kivuli, magimbi. Hapa ni nyumbani kwa watu, kwa hiyo wazee waamkie shikamoo, na ukisaidiwa sema aika, yaani asante kwa Kichaga. Usikanyage kingo za mfongo, mfereji wa kumwagilia. Ukibomoka, walioko chini wanakosa maji ya shamba. Mmea wa isale usiuvunje, kwa Wachaga ni alama ya mpaka na ya kuombana msamaha.

4. Sehemu ya kuteleza ni ya kushuka bondeni, na wengi wanaanguka kwa sababu wanaegemea nyuma. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi, kanyaga kwa ubavu wa kiatu. Fimbo itangulie chini. Ikishika, ndipo uhamishe uzito. Mzizi uliolowa unateleza kuliko udongo, uvuke bila kuukanyaga. Mwenye haraka apishwe.

5. Maji yanaanguka kutoka zaidi ya mita 70 na ni ya baridi kweli. Oga pembeni, usisimame chini ya maporomoko: mawe hushuka na maji. Yakibadilika kuwa ya kahawia, mvua imenyesha juu. Tokeni wote mara moja, hata kama hapo mlipo jua linawaka.

6. Mkirudi, ombeni kahawa ya kijijini. Inakobolewa kwenye kinu, inakaangwa kwa kuni, inatwangwa mbele yenu, msiiharakishe. Ila saa kumi muwe mmeshafika barabarani, maana daladala za jioni ni chache.