Kabla hujanunua kadi ya grafiki, itazame madabodi kwanza

Yakhe, usikimbilie madukani Darajani, Unguja, na pesa mkononi. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, angalia palipoandikwa BaseBoard Product, hiyo ndo modeli ya madabodi yako (ile bodi kuu ndani ya kompyuta), itafute kwenye saiti ya walioitengeneza uone ina sloti gani.

Unachotaka ni sloti (tundu la kuchomekea kadi) ya PCI Express x16, ile ndefu. Vesheni ya PCI Express isikutie hofu, kadi ya 4.0 inakaa kwenye sloti ya 3.0 na inafanya kazi, ila kuna kadi kama RX 6500 XT ya AMD inatumia leni (njia za kupitishia data) 4 tu, hiyo kwenye 3.0 spidi inashuka kweli, mimi kwa mashine kongwe siishauri. Na kama sloti ndefu ziko mbili chomeka ya juu karibu na prosesa, ya chini mara nyingi ina leni 4 tu japo umbo ni lilelile.

Sasa umeme, hapa ndo wengi wanakwama. Sloti inatoa wati 75 mwisho, ikizidi hapo kadi inataka waya wa pini 6 (wati 75 nyengine) au pini 8 (150), na hizi Dell OptiPlex za ofisini zinazouzwa yuzdi mara nyingi pawa saplai yake haina waya huo kabisa. Keisi ikiwa nyembamba tafuta kadi ya kimo kifupi, "low profile", pima na urefu kwa rula. Ukiwa uko Pemba unaagizia ndo kabisa uhakikishe kwanza, maana kurudisha kitu kwa boti ni nauli juu ya nauli.