Pima tunda, usikadirie kwa macho

Jicho la mkulima linajua tunda lililokomaa, lakini kwenye kupanga saizi haliaminiki. Ukichambua nyanya tangu asubuhi, jicho linazoea zile zilizo mbele yako. Ulizoziita ndogo mwanzoni unaanza kuziona za wastani, na kreti ya mwisho haifanani na ya kwanza. Mnunuzi aliyeagiza kwa milimita atalijua hilo papo hapo.

Kwanza ujue zao lako linapimwa kwa kipimo gani. Nyanya, vitunguu, machungwa na matofaa hupimwa kipenyo, pale yaliponenepa zaidi, kutoka upande hadi upande na si kutoka kikonyoni hadi kitakoni. Parachichi mara nyingi hupangwa kwa uzito: namba ya saizi ni idadi ya matunda yanayojaza boksi la kilo 4. Saizi 20 basi ni tunda la gramu 200 hivi, na saizi 12 ni gramu 333 hivi. Namba ikipanda tunda linapungua, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Ndizi hupimwa mara mbili. Viwango vya kimataifa vya vyakula, viitwavyo Codex, vinataka urefu usiopungua sentimita 14 na unene usiopungua sentimita 2.7. Urefu huo unafuata mgongo wa nje uliopinda, kwa hiyo tumia utepe laini wa fundi cherehani. Rula ikiwekwa ncha hadi ncha itakupunja.

Kwa matunda ya mviringo, kifaa ninachokipendekeza kuliko vyote ni ubao wa matundu. Chukua plaiwudi nyembamba, toboa matundu ambayo vipenyo vyake vinapishana milimita 5, tuseme 40, 45, 50 na kuendelea, kisha sugua kingo kwa msasa mpaka ziwe laini, maana ukingo wenye makali huchubua ganda na mchubuko ni mlango wa uozo. Tunda lipite bila kusukumwa. Ukilisukuma kwa kidole, umeshabadilisha kipimo. Huna ubao? Zungusha utepe kwenye tunda na ugawe mzingo kwa 3.14: mzingo wa sentimita 22 ni kipenyo cha sentimita 7.

Umbo nalo lina hesabu yake. Kwa embe, pima urefu, upana na unene kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili zinazobana tunda. Zidisha vipimo vyote vitatu, tafuta kipeuo cha tatu, kisha gawanya kwa urefu. Embe la sentimita 12, 8 na 7 linatoa 672. Kipeuo chake cha tatu ni 8.76, na ukigawanya kwa 12 unapata 0.73. Mpira kamili ni 1. Hesabu hii inamfaa zaidi anayechagua mashine ya kuchambua au trei za kupakia, kwa sababu tunda lililo mbali na 1 haliviringiki sawasawa. Kwa matango, angalia upindaji tu: laza tango mezani, upande uliobonyea ukitazama chini, upime pengo lililobaki katikati. Milimita 10 kwa kila sentimita 10 za urefu ndiyo mwisho kwa daraja la juu la UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya inayoweka viwango vya mazao.

Kiazi chenye mabonde na vinundu hakishikiki kwa kalipa, kwa hiyo kipime kwa maji. Weka ndoo yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha zamisha kiazi kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Gramu unazozisoma ndizo sentimita za ujazo. Kiazi cha gramu 162 kikikupa 150, msongamano wake, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo, ni 1.08. Kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo kiazi kinavyokuwa na wanga mwingi, na wakaangaji wa chipsi wanakitafuta hicho.

Ukitaka kujua matunda yanavyokua mtini, funga uzi kwenye machache ya juu, ya chini, ya kivulini na ya juani, uyapime hayo hayo kila wiki, alfajiri. Mchana jua likiwa kali tunda hupoteza maji na kusinyaa kidogo, kisha usiku hujirudia. Ukipima leo alfajiri na wiki ijayo saa nane mchana, daftari litakuambia tunda limedumaa wakati linakua vizuri.