Pampu ya Sola na Maji Baridi ya Visima vya Pwani ya Bagamoyo

Mkulima wa bustani aliye karibu na bahari, iwe Kaole, Zinga au Mlingotini, akifunga pampu ya sola huondokana na gharama ya mafuta, na hapo ndipo hatari ya kisima kuingiwa na chumvi inapoanzia, kwa kuwa pampu isiyodai petroli huachwa ivute maji tangu asubuhi hadi jua kuchwa.

Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayotokana na mvua huelea juu ya maji chumvi, ambayo ni mazito zaidi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hiyo maji ya kisima yakishuka kwa mita 1 na kubaki hivyo kwa muda mrefu, maji chumvi yanaweza kupanda kwa makumi ya mita. Kisima kikishaingiliwa na chumvi, masika moja huenda isitoshe kukirudisha.

Tunasisitiza kifaa kidogo cha mkononi kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Pima kila wiki wakati wa kiangazi, baada ya pampu kufanya kazi, na uandike daftarini. Mavuno ya maharage huanza kupungua maji yakizidi desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme), na nyanya takriban 1.7. Ulimi huchelewa kuigundua chumvi, hivyo usiutegemee.

Vipimo vikipanda, punguza kasi ya pampu, jaza simtanki kidogo kidogo, na umwagilie kwa matone chini ya matandazo ya nyasi au makuti.

Chujio la mchanga na klorini husaidia dhidi ya tope na vijidudu vya maradhi, lakini haviondoi chumvi, na kuchemsha huizidisha. Mitambo ya utando, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi, huiondoa, ila kwa maoni yetu inafaa maji ya kunywa ya kikundi kuliko umwagiliaji, kwani hutumia nishati nyingi na hubakiza maji ya chumvi kali ambayo kamwe yasimwagwe karibu na kisima.

Kabla ya kuchimba kisima kirefu, omba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mpatane na majirani zamu za kuvuta, maana visima vilivyokaribiana huchota maji yale yale.