Somo: Kukinga hopsi uliyopanda juzi isiungue na jalidi

Habari zenu wakuu. Msimu wa machipuko ukifika maswali yanakuwa yaleyale, mtu kapanda hopsi vizuri (ule mmea unaopanda kamba, maua yake yanatiwa kwenye bia), mchana jua linawaka, machipukizi yametoka mekundu-mekundu yamenenepa, alafu usiku mmoja anga linakuwa safi halina hata wingu, upepo umetulia tuli, asubuhi anakuta vyote vimeinama vimekuwa vyeusi. Hiyo ndo jalidi, baridi ya usiku inayogandisha majani. Leo nawawekea namna ninavyofanya mimi, hasa kwa miche ya mwaka wa kwanza.

Kwa nini mwaka wa kwanza? Hopsi iliyozeeka shambani ina mzizi mkubwa wenye akiba ya kutosha, ikichomwa na baridi inatoa machipukizi mengine, na wakulima wakubwa wengi hata wanayakata kwa makusudi yale yanayotoka mwanzo. Mzizi wenyewe ukiwa umelala chini ya udongo unavumilia baridi kali sana. Lakini ile uliyopanda juzi ni kipande cha mzizi unene wa kidole, akiba yake kidogo, ikitumia kutoa machipukizi mara ya kwanza na yakafa inabidi ichote tena ilichobakiza.

Hatua ya 1, elewa joto linatoka wapi. Hapa ndo pa muhimu kuliko kote kwahiyo nitakaa kidogo. Mchana udongo unakunywa joto la jua, usiku unalitoa. Kukiwa na mawingu yanakaa kama blanketi, joto haliendi mbali. Anga likiwa wazi linapanda juu moja kwa moja, na hewa iliyopoa kwa vile ni nzito inashuka inatuama kwenye mabonde na nyuma ya kuta na uzio. Sasa kitambaa unachofunika hakina joto lolote, kazi yake ni kulizuia lile la udongo lisitoroke. Ndo maana nawaambia watu funika kama hema, usifunge kama kilemba! Ukizungushia kitambaa juu ukakifunga kwenye shina umeliacha joto la udongo nje, mmea umevaa nguo nzuri na baridi inaupiga vilevile. Kitambaa lazima kifike chini pande zote na ukandamize kingo kwa mawe au udongo.

Hatua ya 2, pima chini. Utabiri ukisema nyuzi 3 za joto usijipe moyo, maana wanapima karibu mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, na usiku wa anga wazi pale chini kwenye machipukizi yako inaweza kuwa chini ya sifuri. Mimi nina kipimajoto cha bei ndogo nimekiweka urefu wa kiganja kutoka kwenye udongo. Ukiona utabiri wa nyuzi 4 kushuka, anga safi na hakuna upepo, jiandae.

Hatua ya 3, mwagilia mchana. Udongo wenye unyevu unabeba joto jingi kuliko mkavu, mwagilia asubuhi au mchana ili jua lipate muda wa kuupasha, sio jioni, na usiulowanishe mpaka ukawa tope maana mzizi mchanga unaoza.

Hatua ya 4, matandazo. Hapa watu wanachanganyikiwa. Kama chipukizi halijatoka, rundika majani makavu au nyasi juu, hamna shida. Kama limetoka fupi tu, urefu wa kidole, lizike kabisa kwa matandazo makavu mepesi usiku huo. Lakini kama limeshakuwa refu limeyapita matandazo, yasogeze pembeni mchana ili udongo upigwe na jua, maana nyasi kavu zinazuia joto lisiingie na usiku zinalizuia lisitoke, wakati wewe unalitaka litoke likutane na majani.

Hatua ya 5, funika KABLA jua halijazama. Shuka la zamani, kitambaa chepesi cha bustani, gunia safi, ndoo, chungu kikubwa cha maua, vyote vinafaa. Simamisha vijiti vitatu vinne kwanza ili kitambaa kisiguse majani. Mwaka wangu wa kwanza nilifunika saa nne usiku, joto lilikuwa limeshaondoka, na nilitumia nailoni iliyolala moja kwa moja juu ya mimea. Asubuhi nilipoinua nikakuta kila sehemu ya jani iliyogusana na nailoni imekuwa nyeusi na imelainika kama mboga iliyochemshwa, na sehemu nyingine ya jani hilohilo, ambayo haikuguswa, iko kijani kabisa. Niliumia sana, miche minne yote. Kama huna kingine zaidi ya nailoni basi weka shuka ndani nailoni nje, na vijiti viwepo.

Hatua ya 6, funua asubuhi jua likishapanda na barafu ikayeyuka. Usisahau hii, chini ya nailoni yenye jua mmea unapikika, na kwenye kitambaa unakosa mwanga. Jioni rudia tena kama bado kuna hatari, usiku wa baridi mara nyingi haziji peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi nimechelewa, imeshaungua jana yote nyeusi. Ning'oe nipande nyingine?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Usiing'oe! Kilichokufa ni cha juu, mzizi uko hai. Usikate chochote kwa wiki moja hivi mpaka uone mpaka wa kilichokufa na kilicho hai, alafu kata juu kidogo ya kifundo chenye uhai. Ncha ikishakufa shina lile haliendelei kurefuka kwa ncha hiyo, linatoa matawi ya pembeni, kwahiyo likitoka chipukizi jipya kutoka ardhini lipe hilo kamba ya kupandia. Na usiweke mbolea ya naitrojeni kwa hasira, majani yatatoka laini laini na baridi ikirudi inayamaliza.

Swali: Dada hapa, zangu zimeshapanda kamba zinakaribia mita moja na nusu, shuka halifiki. Nifanyeje?

Jibu: Dada, legeza kamba huko juu ulikoifunga, ilaze yote na mmea wake chini taratibu, izungushe duara kubwa bila kukunja shina, alafu funika kama hema. Usijaribu kuutoa mmea kwenye kamba, utavunja ncha. Kesho ukirudisha juu, kama kuna shina limeachia lizungushie kuelekea saa inavyokwenda, hopsi ndo inavyopanda, ukiizungusha kinyume inajifungua yenyewe.

Swali: Nimesikia kuna watu wanamwagia maji usiku yanaganda na mmea unapona, ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa, maji yakiganda yanatoa joto na jani linabaki karibu na sifuri. Ila inabidi yamwagike mfululizo bila kukatika mpaka barafu iyeyuke yenyewe asubuhi. Yakikatika katikati ya usiku hali inakuwa mbaya kuliko usingemwagia. Kwa miche mitano sita ya nyumbani kuifunika kwa ndoo inatosha.

Swali: Naweza kuweka mshumaa ndani ya hema?

Jibu: Hapana mkuu, shuka kavu na moto, nawe umelala ndani ya nyumba. Chupa kubwa za maji zilizoshinda juani zinasaidia, ziweke mbili ndani zikizungukwa na miche.

Swali: Ya kwangu iko kwenye chungu, yanahusu haya yote?

Jibu: Ya chungu umebahatika, iingize ndani au isogeze ukutani chini ya paa. Ila ikibaki nje ujue udongo wa chungu unapoa haraka pande zote, kwahiyo zungushia gunia chungu chenyewe pia, na uendelee hivo mpaka uone usiku kadhaa mfululizo kipimajoto cha chini hakishuki chini ya nyuzi 5.