Kukarabati Dari la Jipsamu Lililolowa Maji na Kuota Ukungu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, dari la jipsamu ndilo hutoa habari ya kwanza kwamba mvua za masika zimepata upenyo kwenye paa. Hutokea doa la rangi ya chai, kisha fundi huitwa na kulipaka rangi, na baada ya majuma machache doa hurudi likiwa na vitone vyeusi. Bodi ya jipsamu imefunikwa kwa karatasi pande zote mbili, na karatasi hiyo ni chakula cha ukungu, ambao unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya bodi kulowa. Mara nyingi upande wa juu, usioonekana, huwa umeathirika zaidi.

Tafuta kwanza maji yanakotoka. Kwa kuwa maji hutambaa juu ya mbao kabla ya kudondoka, tundu la bati laweza kuwa mbali na doa. Kagua misumari iliyolegea, gata zilizoziba majani, na mabomba ikiwa juu kuna bafu. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa dari lililolowa. Iwapo limebonyea kwa uzito wa maji, usisimame chini yake. Katika nyumba za zamani, hakikisha pia kwamba bodi si ya asbesto (madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu), kwa maana hiyo haipaswi kukatwa na asiye na utaalamu wake.

Bodi iliyoloweshwa na maji safi, ikabaki ngumu na isiote kitu, inaweza kukaushwa na kuachwa. Iliyolainika, iliyopinda au iliyoota ukungu ikatwe, hata kama fundi anasisitiza kwamba jiki inatosha; jiki hung'arisha uso, lakini ukungu uliojikita ndani ya karatasi hubaki. Usithubutu kuchanganya jiki na sabuni yenye amonia wala asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, hushauri kwamba eneo lisilozidi takribani mita moja ya mraba linaweza kushughulikiwa na mwenye nyumba. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, funga mlango kwa karatasi ya nailoni, kisha kata kama sentimita 30 kupita mwisho wa ukungu na utie vipande ndani ya mifuko papo hapo. Fremu, yaani mbao zinazoshikilia bodi, isuguliwe kwa maji na sabuni.

Kukausha ndiko kunakoharakishwa kuliko yote, na ndiko ningependa kupewe muda mrefu zaidi. Wakati wa masika hewa ya pwani yenyewe imejaa unyevu, hivyo kufungua madirisha pekee hakusaidii sana. Elekeza feni kwenye tundu ulilokata darini, au washa kiyoyozi huku madirisha yamefungwa, maana kiyoyozi huondoa unyevu hewani. Liache tundu wazi hadi mvua kubwa inyeshe angalau mara moja, ili ujue kama paa limezibwa kweli. Ukifunika mbao zingali mbichi, ukungu utaota tena gizani.

Fremu ikikauka kabisa, kata bodi mpya yenye unene sawa na ya zamani, uifunge kwa skrubu zisizochana karatasi, ubandike tepu ya neti kwenye maungio, kisha upake unga wa jipsamu uliokorogwa kwa matabaka membamba, kila moja likauke kabla ya jingine, na upige msasa. Doa lililobaki kwenye bodi jirani iliyo salama lipakwe praima ya mafuta kwanza, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu yake, doa hupenya na kuonekana tena.